Mizinga ilitazama baharini, vita ikaja na njia yetu

SEHEMU YA 1: Nesi na bandari, wapi na wapi?

Wiki zilizopita tuliongea degedege na lishe ya mtoto aliyetimiza miezi sita. Leo nawaletea historia. Najua kuna mtu atasema, nesi wa Ngara anahusiana nini na bandari, wakati sisi huku bahari tunaiona kwenye simu tu?

Subiri kidogo. Ukisimama pale Lusahunga au Benaco, angalia malori yanavyopita. Mengi yana namba za Rwanda, Burundi na Kongo. Yamebeba saruji, mafuta, ngano, hata dawa. Sehemu kubwa ya mizigo ile imeshushwa bandari ya Dar es Salaam, ikasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuja kupita mbele ya nyumba zetu, kisha ikaingia Rusumo au Kabanga. Kwa hiyo bandari ya Dar na wilaya zetu ni nyumba moja. Bandari ni mlango wa mbele, sisi tupo mlango wa uani.

Na hii nyumba iliwahi kutishiwa na vita kubwa, mwaka 1914. Wenye nyumba wakati ule walikuwa Wajerumani. Tanzania bara, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wakubwa walikaa wakabishana namna ya kuulinda mlango wa mbele: mizinga iwekwe wapi, meli zizuiwe vipi, bandari ipi ipiganiwe na ipi iachwe. Mlango wa uani haukuwasumbua sana, na watu wa uani hawakuwasumbua kabisa.

Nataka uone kilichotokea, maana ukiwa mama unayepanga nyumba yako kila siku, hesabu hii utaielewa haraka kuliko jenerali.

SEHEMU YA 2: Gavana na kamanda wanabishana mlangoni

Gavana wa koloni aliitwa Heinrich Schnee. Kamanda wa jeshi aliitwa Paul von Lettow-Vorbeck, alifika Januari 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Jeshi lake halikuwa kubwa: askari Waafrika 2,500 hivi na Wajerumani 260 hivi, wamegawanywa kwenye kampuni 14 nchi nzima. Bunduki zao nyingi zilikuwa za zamani, zile zinazotoa moshi ukipiga, kila mtu anajua ulipo. Pwani yenyewe ni ndefu, kuanzia Tanga mpaka karibu na Mto Ruvuma. Na upande wa pili alikuwepo Mwingereza, mwenye manowari nyingi kuliko taifa lolote duniani.

Schnee aliona hivi: pwani hatuiwezi. Tukipigana Dar na Tanga, miji itabomolewa kwa makombora, watu watakufa, na kazi ya miaka thelathini itapotea. Alishika Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ambao ulikuwa na kipengele cha kuruhusu makoloni ya eneo hili la Afrika yasiingizwe kwenye vita vya Ulaya. Akataka miji ya pwani itangazwe kuwa miji wazi, isiyo na ulinzi, na yeye mwenyewe akahamishia makao yake Morogoro, bara.

Lettow-Vorbeck aliona kinyume. Kwake koloni lilikuwa chambo. Akipigana huku, Mwingereza atalazimika kuleta askari Afrika badala ya kuwapeleka Ulaya. Hakutarajia kushinda vita nzima. Alitaka tu kumchosha adui.

Ona hapo, mama. Mmoja anataka kuokoa majengo, mwingine anataka kumchelewesha adui. Wote wawili ni wageni, na wote wawili wanaongea juu ya nyumba ya watu. Hakuna aliyemuuliza mwenye shamba la migomba Bugufi wala mvuvi wa Nyamirembe.

Vita ikatangazwa tarehe 4 Agosti 1914. Siku chache baadaye Wajerumani wakachukua chelezo chao kinachoelea, yaani lile jukwaa kubwa la kupandishia meli zikitengenezwa, wakalizamisha kwenye mlango mwembamba wa bandari ya Dar es Salaam. Ukiwahi kupanda pantoni ya Kigamboni utaelewa: pale pa kuingilia ni pembamba kama shingo ya chupa. Walitaka manowari za Kiingereza zisipite.

Zikazuiwa kweli. Ila manowari yao wenyewe, Königsberg, ilikuwa imeshatoka bandarini tarehe 31 Julai, na sasa haikuwa na pa kurudi. Wamefunga mlango, wakamfungia nje mtoto wao. Ndiyo maana meli ile iliishia kujificha kwenye matawi ya Mto Rufiji, katikati ya mikoko na mbu.

Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ikaja mbele ya Dar, ikapiga mnara wa redio. Maofisa wa Schnee wakafanya nayo makubaliano: hatutafanya uadui hapa, nanyi msitupige. Tanga nayo ikapata makubaliano kama hayo. Lakini serikali ya Uingereza ilikataa kuyathibitisha. Kwa hiyo ulinzi wa bandari mbili kubwa ukabaki kuwa chelezo kilichozama na karatasi ambayo upande mmoja hauitambui.

SEHEMU YA 3: Zanzibar na Tanga

Usidhani Mwingereza alikuwa mjanja zaidi. Zanzibar ilikuwa chini yake. Mwezi Septemba manowari yake Pegasus ilitia nanga mbele ya mji ili itengenezwe mitambo. Injini zimezimwa, ulinzi wa mlango wa bandari ni hafifu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ikatokea, ikaipiga kwa mizinga yenye uwezo wa kufika mbali kuliko ya Pegasus. Haikuchukua muda mrefu. Mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Makaburi yao yapo mpaka leo kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, karibu na Mji Mkongwe.

Halafu Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 msafara wa Waingereza wenye watu 8,000 hivi, wengi wao askari kutoka India, ukafika. Nahodha wa manowari Fox akatangulia mjini kumwambia mkuu wa wilaya wa Kijerumani kwamba yale makubaliano ya amani hayapo tena. Akauliza pia kama bandari imetegwa mabomu ya majini. Hakupata jibu la kumtuliza. Basi wakaanza kuyatafuta mabomu kwa uangalifu, saa zikapita. Mabomu hayakuwepo.

Saa hizo ndizo zilizookoa Tanga. Reli ilikuwa inatoka Tanga mpaka Moshi, na Lettow-Vorbeck akawa anashusha kampuni zake moja baada ya nyingine kwa treni. Mpaka vita inapamba moto alikuwa na watu 1,000 hivi tu, lakini wanaijua nchi na wamejipanga. Askari wa upande wa pili walikuwa wamekaa melini wiki nyingi, wamechoka, wanatapika. Nyuki nao wakavurugwa kwenye mizinga yao ya asali wakashambulia watu. Tarehe 5 Novemba Waingereza wakapanda meli wakaondoka, wakiacha bunduki na risasi nyingi ambazo Mjerumani alizihitaji sana.

Kwa hiyo Tanga ililindwa na hofu ya mabomu yasiyokuwepo, na treni. Bandari ilikuwa na mtu nyuma yake anayeweza kufika haraka. Sisi kwenye afya tunaijua hiyo. Zahanati nzuri bila usafiri wa kumfikisha mama mwenye uchungu pingamizi hospitali ni nusu ya zahanati.

SEHEMU YA 4: Bandari za ziwa letu

Sasa tuje kwetu. Watu wengi wanapotaja bandari wanawaza bahari, wanasahau Ziwa Victoria. Wakati ule ziwa lilikuwa mpaka wa vita: kaskazini Waingereza wenye Kisumu na Entebbe, kusini Wajerumani wenye Mwanza na Bukoba. Mwingereza alikuwa na meli kadhaa. Mjerumani alikuwa na boti moja ya maana, Muansa, iliyofungwa mzinga mdogo.

Bukoba ilikuwa na mnara wa redio, boma na askari. Kutoka pale Wajerumani walilinda mstari wa Mto Kagera dhidi ya Waingereza wa Uganda. Mwezi Juni 1915 Waingereza wakapanda meli Kisumu, na badala ya kushuka mbele ya mji penye gati, wakashuka kaskazini yake, usiku, chini ya majabali ambayo hakuna aliyefikiri mtu anaweza kuyapanda. Vita ikapiganwa siku mbili, tarehe 22 na 23 Juni. Wakauteka mji, wakauangusha mnara, wakaliharibu boma, na mji ukaporwa. Kisha wakarudi melini wakaenda zao. Aliyebaki kufagia majivu ni mkazi wa Bukoba.

Mwezi uliofuata, tarehe 11 Julai 1915, Königsberg ikapigwa kule Rufiji mpaka ikashindwa kabisa, wenyewe wakaizamisha. Lakini mizinga yake kumi ikaopolewa, ikavutwa mpaka Dar, na mafundi wa karakana ya reli wakaitengenezea magurudumu. Ikagawanywa sehemu mbalimbali za koloni. Mmoja ukafika Mwanza kulinda bandari ya ziwa.

Fikiria mzinga wa meli ya bahari unafika Mwanza mwaka 1915. Reli ya kati ilikuwa inapita Tabora kwenda Kigoma, tawi la Mwanza halikuwepo bado. Kutoka reli mpaka ziwani ni kazi ya mikono ya watu, kamba na mabega. Kwenye vitabu vingi utasoma habari za mzinga, mara chache sana utasoma habari za waliouvuta.

Na Mwanza ilianguka vipi? Vilevile. Julai 1916 Waingereza walishuka mashariki ya mji, mbali na bandari, wakaja kwa miguu. Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini.

Sasa rudi pwani uone mwisho wake. Tanga iliyoshinda kwa fahari mwaka 1914 ilichukuliwa Julai 1916 na jeshi lililoshuka kutoka bara. Dar es Salaam ilisalimu amri tarehe 4 Septemba 1916, manowari zikiwa mbele, lakini jeshi lilikuja kwa nchi kavu kutoka Bagamoyo. Chelezo hakikusaidia kitu.

SEHEMU YA 5: Mlango wa uani unafunguliwa

Mbelgiji alikuwa Kongo. Aprili 1916 majeshi yake, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yakaanza kuingia Rwanda. Walikuwa askari zaidi ya elfu kumi, na nyuma yao wapagazi wengi mno. Mwezi Mei wakaishika Kigali. Juni wakaishika Gitega, Burundi. Wajerumani waliokuwa huko walikuwa wachache, wakarudi nyuma wakipigana kidogokidogo.

Na njia ya kutoka Rwanda na Burundi kuelekea Tabora na ziwani inapita wapi? Huku kwetu. Nchi ya Wahangaza, Washubi, Wasubi na Wazinza. Mwishoni mwa Juni 1916 Wabelgiji wakaingia Biharamulo, kwenye lile boma la Wajerumani ambalo bado limesimama mpaka leo, watoto wenu wanalipita wakienda shule. Wakafika ziwani upande wa Nyamirembe, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo bandari ya Biharamulo kabla Chato haijawa wilaya yake. Mwanzoni mwa Julai yakapiganwa mapigano makali Kato, wakati kikosi cha Wajerumani kilichotoka upande wa Bukoba kilipojaribu kujipenyeza kwenda kusini. Kamanda wake, Gudovius, alijeruhiwa akakamatwa. Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ikawa mikononi mwa Wabelgiji.

Hivyo ndivyo mlango wa uani ulivyofunguliwa. Jeshi linapopita, hata likiwa halina nia ya kukudhuru, linakula. Linahitaji mtama, ndizi, maharage, mbuzi, ng'ombe. Linahitaji kuni. Linahitaji wanaume wa kubeba. Na lilipita la kwanza likirudi nyuma, likapita la pili likifuata, kwenye mashamba yaleyale.

SEHEMU YA 6: Ambao hawakuhesabiwa

Hapa naomba utulie, maana ndipo penye kiini.

Huku hakukuwa na lori. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na Biharamulo mnajua wenyewe mbung'o ni nini. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha hospitali ya jeshi kilikaa juu ya kichwa cha mtu.

Piga hesabu kama unavyopiga ya unga wa nyumbani. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi. Yeye mwenyewe anahitaji, tuseme, kilo moja ya chakula kwa siku. Akitembea siku 25 amemaliza mzigo wote peke yake, hajafikisha kitu. Na bado hajarudi. Ndiyo maana walihitajika wengi mno, na ndiyo maana walilishwa kidogo.

Upande wa Waingereza peke yake, ukijumlisha nchi zote za Afrika Mashariki na jirani, wanahistoria wanakadiria wapagazi na vibarua wapatao milioni moja walitumika, na zaidi ya 90,000 walikufa. Upande wa Wajerumani hawakuandikwa kwa namna ya kuweza kuhesabika. Jina la Kariakoo, lile soko la Dar, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi cha Waingereza.

Waliuawa na nini? Wengi sana hawakuuawa na risasi. Nisikilize kama nesi: kuhara damu, malaria, nimonia, utapiamlo. Watu waliozoea ndizi na viazi walipewa unga wa mahindi, na mara nyingi haukuiva. Mtu ametembea kutwa, amefika giza limeingia, mvua inanyesha, kuni mbichi. Anakoroga, anakula nusu mbichi. Tumbo linaharibika. Maji anayokunywa ni ya mto ambao watu elfu wamepita juu yake. Kuhara kunaanza, mwili unaishiwa maji na chumvi, kesho yake ananyanyuliwa abebe tena. Siku ya tatu haamki.

Dawa ilikuwepo? Kidogo, na kwa mpangilio. Wajerumani walipozingirwa baharini, wataalamu wa kituo cha Amani kule Usambara walitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti. Ilikuwa chungu kupindukia lakini ilifanya kazi. Mwezi Machi 1916 meli iitwayo Marie ilipenya mpaka Sudi, karibu na Lindi, ikiwa na silaha na dawa. Lakini foleni ya dawa ilianza kwa ofisa, ikaja kwa askari. Mpagazi alikuwa mwisho, kama ikimfikia.

Na wanawake? Wake wa askari walifuata misafara ya Lettow-Vorbeck na watoto wao. Wapo waliojifungua njiani, wakapumzika kidogo, wakafunga mtoto mgongoni wakaendelea kutembea. Wewe uliyejifungua juzi, ukaambiwa usinyanyue ndoo mpaka upone, waza hilo. Na aliyebaki nyumbani, mume amechukuliwa, ghala limechukuliwa, mbuzi wamechukuliwa, mtoto analia. Yule naye alikuwa vitani, ila hakuna aliyemwandika.

Vita ikaisha Novemba 1918, na mafua makali yaliyozunguka dunia mwaka ule yakaja kuwakuta watu wamedhoofu. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwahi kufika kwa jamaa zao. Pale Dar, katikati ya jiji, kuna sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1927. Askari amesimama na bunduki yake. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi ya chini. Juu hayupo.

SEHEMU YA 7: Kilichobaki mikononi mwetu

Baada ya vita wakubwa wakarudi mezani. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakakubaliana kugawana: Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, sehemu nyingine yote kubwa kwa Mwingereza. Gisaka, mashariki ya Rwanda, ikapewa Mwingereza kwanza kwa ajili ya ndoto ya reli, baadaye ikarudishwa. Bugufi, ambayo ilihesabiwa chini ya mwami wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Ndiyo maana leo Mhangaza wa Ngara na Mrundi wa ng'ambo wanasikilizana bila mkalimani, lakini mmoja ana kitambulisho cha NIDA na mwingine hana.

Na Mbelgiji alitaka nini ili aondoke Kigoma na Ujiji? Bandari! Kwa mkataba wa Machi 1921 akapewa eneo lake ndani ya bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka. Malori unayoyaona Benaco leo yanafuata wazo lilelile: nchi zisizo na bahari zinahitaji mlango, na njia ya kuufikia inapita kwetu.

Tangu hapo mlango wa uani umegongwa mara nyingi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa wetu huu wa Kagera kwa upande wa kaskazini. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, wakajaa Benaco. Kuhara damu kulikuja nao, na kilichookoa maisha ni maji safi, vyoo vilivyochimbwa haraka na chanjo ya surua. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Biharamulo, tukawapoteza ndugu zetu, na mwezi Machi ukatangazwa kwisha. Silaha zake zilikuwa sabuni, glavu, kutoficha homa, na watu wa kufuatilia nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo nasema hivi. Mtu akikuletea mpango wa ulinzi, awe serikali, awe mwenyekiti wa kijiji, awe mume wako anayejenga ukuta, muulize swali moja: umemhesabu nani? Schnee alihesabu majengo. Lettow-Vorbeck alihesabu siku za kumchelewesha adui. Waingereza walihesabu manowari. Mizinga ya Königsberg tunajua ilikuwa kumi, na kipimo chake kimeandikwa. Waliokufa kwa kuhara wakibeba vyakula vya watu, tunakadiria tu.

Nyumbani kwako hesabu hii ni ndogo na inawezekana. Maji ya kunywa yamechemshwa? Uji wa mtoto umeiva kweli, au umewahi kuutoa kwa sababu kuni zimeisha? Pakiti mbili za ORS zipo ndani, au mpaka mtoto aanze kuhara usiku ndipo umtafute wa kwenda dukani? Mtoto akiharisha mpe ORS kidogokidogo, endelea kumnyonyesha, na umlete kituoni upewe zinki. Ukiona damu kwenye choo, au macho yamezama, au hawezi kunywa, usisubiri asubuhi. Chandarua kimetoboka? Kishone leo. Mjamzito ana nauli iliyotengwa na mtu wa bodaboda anayejulikana kwa jina? Hii ndiyo treni ya Tanga ya nyumba yako: anayeweza kufika haraka kabla hali haijawa mbaya.

Na jambo la mwisho. Wazee waliosikia habari hizi kwa wazazi wao bado wapo, lakini wanapungua. Ukienda kumsalimia bibi au babu, muulize kama katika ukoo wenu kuna aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa Mjerumani na Mbelgiji, na kama alirudi. Ukipata jina, liandike. Daftari la mtoto linatosha, kalamu yoyote inatosha. Andika jina, kijiji, na kama kuna aliyeachwa nyumbani na watoto, mwandike na yeye jina lake.

Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo, na nitajibu lile swali la homa baada ya sindano. Tulale salama.